Weusi wa Dada Yangu

Niliwahi kuipiga printa kofi mbele ya wateja watatu, na mpaka leo sijutii. Sikuigonga kwa kiganja kama mtu anayeamsha redio iliyokwama. Niliizaba. Kifuniko kikafunguka chenyewe, karatasi ikatoka nusu, na juu ya karatasi hiyo kulikuwa na uso wa mtoto wa kike wenye rangi ya mlenda wa jana. Mama mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti akaniuliza kama arudi siku nyingine. Nikamwambia arudi akitaka, asirudi akitaka. Hakurudi.

Mtoto yule wa kwenye karatasi alikuwa dada yangu. Sikuwahi kumwona. Alifariki kwa degedege akiwa na miaka saba, miaka miwili kabla mimi sijazaliwa, na sura yake naijua kwa picha moja tu ya nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiberiti, iliyopigwa siku ya Idi. Amevaa gauni lenye kola, mikono ameibana mapajani, nyuma yake pazia jeupe. Mama aliitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja, na kwa miaka yote ile hakuna aliyefikiria kuikuza. Aliyemjua alikuwa mama peke yake, na mama alikuwa anamwona.

Kisha macho ya mama yakaanza kufunga. Daktari alisema ni presha ya macho, imekuwa ikimla polepole kwa miaka bila yeye kujua, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yatalinda kilichobaki, tena si milele. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama," akasema, nadhani alitaka kutufariji. Nilitamani kumshika shati. Mama akamshukuru, akanishika mkono, tukarudi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma. Hakuvua hata ushungi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo, akapapasa, akaitoa ile picha.

"Nikuzie huyu," akasema. "Awe mkubwa. Nataka nimwone vizuri kabla giza halijafunga."

"Kesho asubuhi, mama."

Kesho asubuhi! Sijui nani alinipa mdomo ule. Nina studio pale Majengo, karibu na wauza nafaka, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Tangu serikali ihamie hapa sijapumzika: watumishi wanataka paspoti, wanafunzi wa vyuo wanataka paspoti, waomba kazi ndio usiseme. Wote wanataka rangi. Picha ya nyeusi na nyeupe sikumbuki mara ya mwisho niliombwa lini, kwa hiyo nilidhani ni picha ya rangi iliyopunguziwa kazi. Unaondoa rangi, unabonyeza, unakwenda kunywa chai.

Asubuhi ile niliiskani picha ya dada, nikaikuza, nikaifuta mikwaruzo. Halafu vidole vyangu vikafanya vilichozoea kufanya. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita kung'arisha. Mteja anakaa kwenye stuli, na kabla hujapiga anakwambia, "Ning'arishe kidogo, kaka." Siku hizi wala hasemi, anajua nitafanya. Unaushika uso kwenye kompyuta, unaupandisha weupe, unafuta madoa, unafuta kovu la tetekuwanga, ukimaliza mtu wa Mpwapwa amekuwa mtu wa nchi asiyoijua. Anafurahi, anakupungia mkono, anakuletea na shemeji yake. Na mimi nilimng'arisha dada yangu bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Nikabonyeza. Picha ikatoka ya kijani.

Si kijani cha majani. Ni kile kijani cha ukutani penye unyevu, kimejificha kwenye mashavu na chini ya kidevu. Nikaitoa nje kwenye jua, ikageuka zambarau. Nikairudisha ndani, kijani. Nikaanza kumtukana mwuza wino. Nilikwenda mpaka dukani kwake, mbele ya watu, nikamwambia ameniuzia maji ya mapera. Akaniapia kwa marehemu wazazi wake kwamba wino ni ule ule anaoniuzia siku zote. Nikamwambia wazazi wake hawahusiki.

Yule bwana nilimwonea, na nilikuja kujua baadaye. Printa yangu ina matangi manne: nyeusi, bluu, pinki na njano. Ukiiambia umeweka karatasi ya picha, ile ya kung'aa, inauacha wino mweusi umekaa kwenye tangi lake kama mgeni rasmi, halafu inatengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu. Bluu ikizidi kidogo, uso wote unakwenda na bluu. Mtu anakuuzia mashine ina tangi la wino mweusi, kisha kwa picha nyeusi haliguswi! Jambo hilo halikuandikwa kwenye boksi, na lile jitabu la lugha kumi na mbili halikulisema kwa hata moja ninayoisoma.

Lakini siku ile nilikuwa nimeahidi. Nikaipeleka hivyo hivyo.

Mama aliichukua akaenda kukaa mlangoni, upande wa jua la asubuhi. Akaiinua, akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto, akaisogeza mpaka ikamgusa pua.

"Naona taa," akasema. "Nikiigeuza huku naona taa, na huku naona taa. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwekea kidole. "Huyo hapo, mama. Huo uso."

"Hapo pamekaa sahani nyeupe."

"Ni macho yako, mama."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Nilikuwa nimechoka, nimeaibika, na kazi yangu ilikuwa imedharauliwa, basi nikamtupia yeye. Aliiweka picha mapajani akaikunja ncha, akaikunjua. Ningepata wa kunichapa siku ile ningemshukuru.

Nikarudi studio na hasira mbili, nikachimba kwenye mipangilio ya printa mpaka nikaugundua ule ujanja wa matangi. Nikafikiri: kama mashine haitaki kutumia wino mweusi kwa karatasi ya picha, nitaidanganya. Nitaiambia nimeweka karatasi ya kawaida, ya barua. Nikafanya hivyo, na karatasi ya kung'aa iko ndani. Ikaamini. Ikatoa picha nyeusi, nyeusi hasa, mpaka nikapiga kelele pale dukani. Sikusubiri. Nikaiingiza kwenye bahasha, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbize.

"Safari hii utamwona," nikamwambia mama.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama kwanza. Alifanya kile anachofanya siku hizi kwa kila kitu, alikipitishia kidole. Akamshika mtoto wake shavu kwa dole gumba, taratibu, kama unavyomfuta mtoto uji.

Shavu likatoka.

Wino ule haukuwa umeingia kwenye karatasi. Ulikuwa umekaa juu yake, mbichi, na ungekaa hivyo hata wiki nzima, kwa sababu karatasi ya kung'aa haiunywi. Mahali palipokuwa na shavu na nusu ya mdomo pakabaki mburuzo mmoja mrefu. Mama aliona kitu kimesogea. Akakigeuza kidole chake mbele ya macho, akakinusa.

"Nimemfuta?" akauliza.

"Hujamfuta wewe. Ni wino mbaya."

"Nimemfuta," akasema, na safari hii hakuwa anauliza.

Alikwenda kunawa mwenyewe. Nilimsikia akisugua kwa sabuni muda mrefu. Kesho yake ndipo nikaiambia tena printa ni karatasi ya kung'aa, nikarudi kwenye ule weusi wa rangi tatu, printa ikanitolea mlenda mbele ya wateja, nami nikaizaba kofi. Sasa mnajua.

Iliendelea hivyo kwa wiki nyingi. Ilikuwa miezi ile ya upepo, vumbi la Dodoma linaingia hata ulipofunga, na ukavu wake unakausha wino kwenye vitundu vya printa kabla haujafika kwenye karatasi. Kila asubuhi nilikuta mistari myeupe imepita kwenye paji la uso la dada. Nikasafisha vitundu, nikapoteza wino, nikasafisha tena. Nikaifunika mashine kwa kanga ya mke wangu, mke wangu akanuna, nikagombana naye pia. Wateja wakaanza kunisalimia kwa tahadhari. Picha za dada zilizoharibika zikajaa mezani: wa kijani, wa zambarau, wa mistari, na mmoja aliyetoka nusu mwili baada ya umeme kukatika. Wote weupe usoni, maana kila niliporudia nilianzia kwenye lile faili langu lililong'arishwa.

Na nyumbani mama alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Niliona. Nikafuta meza nikanyamaza, naye akanyamaza, kila mmoja akidhani anamsitiri mwenzake.

Ndipo akaja mwalimu. Mama wa makamo, mfupi, mweusi tii, amejifunga kitambaa kichwani, anataka paspoti nne. Nilimwamkia, akaitikia, tukazungumza kidogo wakati namweka sawa kwenye stuli. Akasema amestaafu, alikuwa akifundisha watoto wenye uoni hafifu, na sasa anaishi Buigiri kwa wakwe zake. Nikampiga, nikamtengeneza, nikamkabidhi. Akavaa miwani. Akazitazama zote nne moja baada ya nyingine kama vile mojawapo ingekuwa tofauti.

"Hizi za nani?"

"Zako, mwalimu."

"Zangu wapi? Mimi nimekaa hapo kwenye stuli mweusi, umenitoa mweupe. Nikifika ofisini wakaniuliza mwenye picha yuko wapi, nitawaambia nini?"

"Mwalimu, watu wote wanataka kung'arishwa. Hukuniambia hutaki."

"Na wewe hukuniuliza."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia nimeifanya kazi hii miaka ishirini na ushee na hakuna aliyewahi kulalamika. Akaniambia labda hao wengine hawajipendi. Nikamwambia anikosee adabu kwa mambo mengine, si kwa kazi yangu. Akasema, "Sikukosei adabu, baba, nakuomba sura yangu." Akaweka mkoba mezani kuonyesha kwamba haondoki, na mkoba ukaangukia kwenye rundo la dada zangu walioharibika. Akamwinua mmoja.

"Na huyu naye umemfanya hivi hivi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya juu, kama vile yeye ndiye aliyetengeneza printa: macho ya mama, kijani, zambarau, shavu lililofutika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunionea huruma hata kidogo.

"Basi unamwonea mama yako," akasema. "Mtu wa uoni hafifu ukimpa karatasi inayong'aa, anaona dirisha, haoni picha. Halafu uso mweupe kwenye pazia jeupe, ataushika wapi? Macho yake yanatafuta pa kushika. Mpe nyeusi iwe nyeusi, na nyeupe iwe nyeupe. Huyu mtoto alikuwa mweupe?"

Sijawahi kumwona dada yangu.

Nilimchapia mwalimu picha zake upya, nikaziacha kama kamera ilivyomwona, na kovu lake dogo juu ya nyusi. Akazitazama, akasema, "Ehee, sasa nimefika," akaenda zake. Nikafunga studio mchana ule ule. Nikaifungua ile picha niliyoiskani mwanzo, kabla ya vidole vyangu kuigusa, na nikaweka uso wa dada ukajaa kioo kizima.

Alikuwa mweusi kama mama. Weusi wenyewe ndio uliokuwa umemchora: mfupa wa shavu, ukingo wa midomo, macho yenyewe yalikuwa meupe kwa sababu yalizungukwa na weusi. Nilipoupandisha ule weupe wangu niliviondoa vyote hivyo, nikamwachia mama sahani. Kisha nikamwambia ni macho yako. Sijawahi kujikasirikia kama siku ile. Nikawafikiria na wale wengine wote niliowatoa hapo kwenye stuli kwa miaka ishirini, wamebandikwa kwenye mafaili ya maofisi mji mzima, hakuna mwenye sura yake, na wote waliniambia ahsante.

Chini ya meza nilikuwa na pakiti ya karatasi ya picha isiyong'aa. Niliinunua kwa makosa siku nyingi, wateja wakaikataa wakisema inaonekana imechakaa, ikakaa pale na buibui. Nikaifungua. Nikaiambia printa ukweli safari hii: karatasi haing'ai, picha ni nyeusi na nyeupe, rangi zisihusike. Kioo cha kompyuta nikakipunguza mwanga, maana siku zote nilikuwa nimekiwasha kama taa za uwanja wa mpira, kinanionyesha picha angavu kumbe inatoka tope. Sikuchapa picha nzima. Nilikata vipande vya upana wa vidole vitatu, nikachapa jicho moja na sehemu ya paji, nikakipeleka kila kipande mlangoni kwenye mwanga wa nje, nikaandika nyuma kwa penseli nilichobadilisha. Kipande cha kwanza nywele zilikuwa zimezama kwenye giza lote pamoja. Nikazinyanyua kidogo, nywele tu, uso sikuugusa. Cha nne, au cha tano, nikakiona kile nilichokuwa nakitafuta: weusi usio na kijani wala zambarau, umeingia ndani ya karatasi umetulia.

Nikachapa kubwa. Nikaiacha ikae wazi mpaka kesho yake alasiri, na kila nilipotaka kuigusa nikaishika mikono yangu. Kisha nikaijaribu pembeni kwa dole gumba. Haikutoka.

Mama alikaa pale pale mlangoni. Nilimpa bila kusema neno, maana maneno yangu yote kuhusu picha ile yalikuwa yameshaharibika. Akaiinua, akaisogeza, akaisimamisha mahali fulani pembeni ya jicho la kushoto ambako bado kuna mwanga. Mimi nikawa nasikia majirani wanatwanga.

"Amenuna," akasema.

"Nani?"

"Si huyu. Viatu vilimbana. Nilimwambia vumilia tupige picha tu, halafu utavivua. Akaninunia njia nzima." Akacheka, kicheko kile cha puani. "Tazama alivyonikazia macho. Mwanangu we."

Nilimwacha naye. Nikaingia ndani, nikanywa maji, nikafuta uso, nikatoka tena. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kumpigia simu mwuza wino nimwombe radhi, nilitaka kumtafuta mwalimu Buigiri nzima nimwambie. Mama alikuwa ameilaza picha mapajani.

"Karatasi kama hii bado ipo?" akauliza.

"Ipo. Unataka nyingine yake?"

"Yeye nimeshamwona. Nataka yako."

"Yangu ya nini, mama, na mimi nipo hapa?"

"Upo wapi? Tangu Ramadhani nasikia sauti tu, na hatua zako. Ukisimama hapo naona kama mtu amepita na shuka. Nifanyie kama huyu, nyeusi hivi hivi."

Tangu Ramadhani. Nikahesabu miezi, na kila mwezi niliouhesabu ukaniongezea ghadhabu. Miezi yote hiyo nilikuwa nakaa naye mezani, namwamkia, ananiitikia, anageuza uso upande wangu, na hakuwa ananiona. Na alikuwa ameniacha nihangaike na uso wa aliyekwisha kufa. Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mgonjwa, mlangoni, majirani wakisikia. "Mbona hukuniambia, mama? Mbona hukuniambia?"

Alinyoosha mkono anipapase, nikausogelea, akanishika sikio kama nilipokuwa mdogo.

Kinyozi hajinyoi. Nilitafuta studio nzima, sikuwa na picha yangu hata moja ya karibuni. Nikaweka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikaitega ijipige yenyewe, nikakaa kwenye ile stuli, nikatazama mbele kama ninavyowaambia wateja watazame. Sikujing'arisha. Nikakata vipande, nikavipeleka mlangoni, nikachapa, nikasubiri ikauke siku nzima.

Mama aliiweka pale pale pembeni ya jicho la kushoto. Alikaa nayo muda mrefu kuliko alivyokaa na ya dada. Kidole chake kikafuata mstari mmoja kutoka puani kwangu mpaka kwenye mdomo, kikapanda kwenye nywele za juu ya sikio, ambazo sasa ni nyeupe, na karatasi ilikuwa imeziacha nyeupe.

"Umezeeka," akasema. "Mbona hukuniambia?"